Mpanda kwa Begi la Mgongoni: Bana Nauli, Usimbane Mwenyeji

Treni ya Tabora–Mpanda haina haraka na mtu. Inaachana na njia kuu ya Kigoma pale Kaliua, kisha inaingia kwenye kilomita 210 za miombo, nchi ya mizinga ya nyuki na vituo vilivyo mbalimbali. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya kusomba madini ya risasi ya Mpanda. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, mji ukabaki, na treni ikapata mizigo mingine: watu, magunia ya mpunga, madumu ya asali, ndoo zilizofunikwa kwa kanga. Kwa mtu mwenye begi moja mgongoni na pesa za kuhesabu, behewa la daraja la tatu ndilo mlango wa mkoa wa Katavi usioumiza mfuko.

Wanaopita mlango huo kwa matembezi tu bado ni wachache. Ni mwalimu aliye likizo, kijana aliyemaliza chuo na anasubiri ajira, Mkenya aliyechoka kuambiwa habari za Maasai Mara peke yake, na Mzungu mmoja mmoja aliyesikia kwamba Hifadhi ya Taifa ya Katavi, yenye kilomita za mraba 4,471, ni kubwa na haina msongamano wa magari ya watalii. Wote wanakutana na tatizo moja. Kambi zilizo ndani ya hifadhi zimewekewa bei ya watu wanaoshuka kwa ndege ndogo, na bei yenyewe ni ya dola. Basi wanaambiwa wasijali: wafike tu, Watanzania ni wakarimu.

Ni kweli, na hapo ndipo ushauri mwingi unapoishia. Hausemi kwamba ukarimu ni kazi, na kazi hiyo ina mtu wake. Mara nyingi ni mama wa nyumba, anayeongeza maji kwenye sufuria na kukopa dagaa dukani ili mgeni asione upungufu. Mgeni akilala nyumba tatu bure kwa wiki nzima amesafiri kwa bei nafuu, lakini kuna kaya tatu zilizolipa tofauti. Msafiri mwerevu anabana kwenye nauli, kwenye chumba na kwenye starehe. Kwa mwenyeji habani.

Tuanze na nauli, maana haina mengi. Treni haiendi kila siku, na ratiba hubadilika, hasa mvua zinapoharibu njia. Kwa hiyo siku ya safari iulizwe stesheni kabla ya kupanga jambo lolote. Mwenye haraka anapanda basi. Barabara ya Tabora–Koga–Mpanda, kiasi cha kilomita 340, sasa ni lami, na ile ya kutoka Sumbawanga inaingia mjini kutoka kusini. Jambo la kuzingatia zaidi ya bei ni saa ya kufika. Basi likimshusha mgeni Mpanda saa nane za usiku, asiende kugonga mlango wa mtu, hata kama mtu huyo alimwambia karibu wakati wowote. Achukue bodaboda iliyo kituoni, aende gesti, alale, afike kwa mwenyeji asubuhi akiwa ameoga.

Gesti za kawaida katika kata za mjini, Makanyagio ikiwemo, si za kupiga picha. Kitanda, chandarua, ndoo ya maji, na mara nyingine feni inayozunguka ikijisikia. Zipo za kujibana na zipo zenye choo ndani, na bei huzungumzika kwa anayelala zaidi ya siku moja. Mapokezi kuna daftari kubwa lenye mistari iliyopigwa kwa rula: jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, namba ya kitambulisho, sahihi. Wageni wengi hulijaza ovyo. Ni kosa, kwa sababu daftari hilo ndilo ushahidi wa kwanza kwamba mtu amefika mjini kwa njia ya wazi. Katavi imepakana na Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Burundi nayo haiko mbali. Si ajabu maofisa wa Uhamiaji kusimamisha basi kwenye njia ya Uvinza na Kigoma na kumhoji abiria mmoja mmoja. Kitambulisho cha taifa, au pasipoti kwa asiye raia, kikae mfukoni mwa shati, wala si chini ya begi lililofungwa juu ya gari.

Sasa mwenyeji anapatikanaje? Hapatikani kwa kutembea mtaani na begi ukisubiri kuonewa huruma. Anapatikana kwa mnyororo wa watu. Mwalimu uliyesoma naye ana shangazi Makanyagio. Shangazi ana kaka yake kijijini Sitalike. Kaka anamjua mvuvi wa Karema, ziwani. Kila kiungo kinapiga simu kabla mgeni hajaondoka, na simu hiyo ina thamani kuliko hema zuri. Asiye na mnyororo wa ukoo anatafuta wa dini. Parokia na sharika nyingi zina vyumba vya wageni kwa malipo kidogo, na barua ya utambulisho kutoka kwa paroko au mchungaji wa nyumbani hufungua mlango haraka. Kwa Mwislamu, swala ya Ijumaa pekee inaweza kumpatia mtu wa kumwelekeza. Mtumishi wa serikali ana wenzake wa idara kila wilaya.

Kuna mnyororo mwingine ambao vijana wa mjini wameanza kuusahau: utani. Mzaramo aliyekwenda kwa Wanyamwezi au Wasukuma, ambao wamejaa Katavi na mifugo yao, ana haki ya kuanza mazungumzo kwa kumtukana mtani wake kwa adabu, na akajibiwa vikali zaidi, na kabla maji ya chai hayajachemka ameshakuwa mtu wa nyumbani. Utani huo ulikuzwa na misafara ya karne ya 19 kati ya Unyamwezi na pwani, wakati mpagazi wa bara alipohitaji mtu wa kumsitiri Bagamoyo, na mtu wa pwani alipohitaji wa kumsitiri Tabora. Ajue tu mipaka yake: utani hauhusu mke wa mtu, na mtani ana haki ya kuchukua kofia yako nawe usinune.

Baada ya mwenyeji kupatikana, hatua inayofuata haina mjadala. Mgeni apelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa. Kijijini, kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji. Desturi hii ina mizizi katika mabalozi wa nyumba kumi wa enzi za TANU na katika sungusungu, ulinzi wa jadi ulioanzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ni dakika kumi za salamu: jina, kwao, amefikia kwa nani, anaondoka lini. Anayeona huo ni usumbufu akumbuke yaliyotokea Oktoba 2016 katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma. Watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian, Arusha, na dereva wao waliuawa na umati baada ya uvumi kuenea kwamba ni wanyonya damu. Walikuwa kazini, wakiwa na gari lao. Mtu wa begi la mgongoni hana hata gari la kumtambulisha. Kinachomlinda ni kwamba kabla uvumi haujazaliwa kuna mzee anayeweza kusema: huyo namfahamu, yupo kwa fulani.

Salamu zenyewe zinahitaji muda. Shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri, hata muuza karanga. Kwa Msukuma asubuhi, "mwangaluka" pamoja na "mayu" kwa mama wa nyumba huleta kicheko, na kicheko huleta kigoda. Kwa Wafipa na majirani zao, ukiona mtu anapiga makofi taratibu akiinama kidogo, hakupongezi. Anakusalimu, nawe uiname.

Tena mgeni asifike mikono mitupu. Hili si jambo geni katika nchi hii. Stanley alipokatiza Ukonongo na Ukawendi mwaka 1871 akienda Ujiji, akiikwepa vita ya mtemi Mirambo, mizigo mingi ya wapagazi wake ilikuwa vitambaa, shanga na nyaya, kwa sababu bila hivyo hapakuwa na chakula wala ruhusa ya kupita. Livingstone, mmisionari aliyekuwa anamtafuta, alikuwa ameishiwa, na miaka miwili kabla ya hapo alifika Ujiji akiwa mgonjwa, kwa kubebwa na kutunzwa na mfanyabiashara Mohamed bin Gharib. Aliishi kwa hisani ya watu ambao biashara yao aliilaani kwenye daftari. Wasafiri hawapendi kukumbushwa habari hiyo.

Leo vitambaa na shanga vimekuwa sukari, majani ya chai, mche wa sabuni, mafuta ya kula, chumvi. Vinunuliwe Mpanda mjini, dukani kwa jirani wa mwenyeji ikiwezekana, maana na jirani naye atakuwa anauliza mgeni kaleta nini. Kilo mbili za sukari zinatosha kwa siku mbili. Vipewe mama wa nyumba, mapema, bila hotuba. Pesa zisitolewe wakati wa kufika; zikitolewa mlangoni zinamgeuza mwenyeji kuwa mwenye gesti, na wengi wataona wamedharauliwa. Pesa zina wakati wake, nao ni siku ya kuondoka. Zikunjwe, ziwekwe kiganjani wakati wa kupeana mikono, na neno liwe dogo: "Mama, hii ya sabuni." Atakataa mara ya kwanza. Akikataa mara ya tatu kwa sauti ile ile, apewe bibi wa nyumba au mtoto mdogo kwa ajili ya madaftari, na hapo hapana ugomvi.

Kazi ni zawadi kubwa kuliko zote, na ndiyo wasafiri wanayoisahau. Methali inayosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ambayo Nyerere aliitumia katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962, haijafutwa na mtu. Mgeni aliyekaa siku ya tatu akiangalia simu anahesabiwa, hata kama anachekewa. Mwezi Juni na Julai kazi ya jioni nyumba nyingi ni kupukuchua mahindi. Watu huketi kwenye mkeka, kila mmoja na gunzi mkononi, anachopoa mstari mmoja wa punje kwa kidole gumba kisha anasugua iliyobaki kwa gunzi hilo hilo. Asiyezoea hutoka malengelenge kabla ya debe kujaa, na watoto humcheka. Lakini ni hapo ndipo mazungumzo yanapotoka, yale ambayo hakuna mwongoza watalii atakayeyauza: shamba gani limeingiliwa na tembo, ng'ombe wa nani wamekamatwa hifadhini, nani kapata dhahabu machimboni na kaimaliza kwa muda gani.

Majira yanaamua mengi. Mvua za Katavi huanza karibu na Novemba na kwenda hadi Aprili. Januari na Februari ghala za kaya nyingi zinakaribia mwisho na mahindi mapya bado yako shambani, mabichi. Kuomba hisani wakati huo ni kula mbegu za mtu. Kuanzia Juni hadi Oktoba chakula kipo, njia zinapitika, na hifadhini maji yamepungua kiasi cha wanyama kujikusanya penye mabwawa yaliyobaki. Ratiba ya mwenyeji na ya kiboko, kwa bahati njema, ni moja.

Kuhusu kula, sheria ni fupi: kula kinachopikwa, sifia, acha kidogo kwenye sahani ya kitoweo kwa ajili ya watoto. Ugali na migebuka ya ziwa, dagaa, wali wa Mpimbwe ukiwa na bahati, uyoga wakati wa mvua. Maji ya kunywa yachemshwe; mgeni anunue mkaa wake kama anaona haya kuuliza. Jambo moja halina simile. Kijijini mtu anaweza kuletewa nyama na kuambiwa kwa kunong'ona kwamba ni ya porini. Nyamapori isiyo na kibali ni kesi, na aliyekutwa nayo kwenye sahani hatasikilizwa kwa kusema alikuwa mgeni. Asitoe mhadhara wa uhifadhi kwenye nyumba ya watu. Aseme tumbo halipatani na nyama wiki hii, aombe mboga. Wenyeji wataelewa, na pengine watamheshimu zaidi kwa kutowaweka pabaya.

Sitalike iko mwendo wa kama kilomita 40 kusini mwa Mpanda, na gari ndogo za Noah na mabasi ya Sumbawanga hupita hapo. Ni kijiji kilicho mlangoni pa hifadhi, na mto Katuma unapita pembeni. Wakati wa kiangazi viboko hujazana kwenye madimbwi ya mto huo hadi migongo inagusana, na mtu anaweza kuwaona kutoka ukingoni pale kijijini, akiwa na muhogo wa kuchoma mkononi. Ila jua likizama, matembezi yaishe. Usiku viboko hutoka majini kula majani, na njia wanazopita ndizo hizo hizo za watu. Kulala kwenye hema porini nje ya maeneo yaliyoruhusiwa ili kuokoa pesa za gesti ni upumbavu ambao hata mwenyeji mpole atausema hivyo.

Barabara kuu ya Mpanda–Sumbawanga inakatiza ndani ya hifadhi, kwa hiyo abiria wa kawaida huona twiga na pundamilia kwa nauli ile ile. Anayetaka kuingia ndani zaidi, hadi mbuga za Katavi na Chada, hana budi kulipa kiingilio. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, tena kidogo kuliko mgeni anayelipa dola. Kinachokula pesa ni gari, na dawa yake ni kuchangia: watu wanne au watano kutoka Mpanda, walimu, wauguzi, marafiki wa mwenyeji, ambao wengi wameishi mkoani miaka na hawajawahi kupita geti. Msafiri akilipia nafasi ya mtoto wa mwenyeji kwenye gari hilo, amelipa deni la wiki nzima. Nguo nyeusi na za bluu iliyokolea zibaki gesti, maana ndorobo huzipenda, na wana malale pamoja na mdomo unaopenya suruali ya jinzi. Na ukisimama penye mkwaju wa Ziwa Katavi ambapo watu huacha sadaka kwa mzimu wa Katabi, uliouachia mkoa jina, usiguse wala usichukue kitu.

Magharibi, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda, ipo Karema, ufukweni mwa Tanganyika. Wabelgiji walijenga kituo hapo mwaka 1879, wamisionari wa White Fathers wakakirithi mwaka 1885, na leo serikali imejenga bandari mpya. Mwaka 1889 alifika hapo Adriano Atiman, kijana wa Kiafrika aliyezaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni, akakombolewa, akasomea utabibu Malta. Alitibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 ya ugeni! Wazee wa Karema bado wanamsimulia kwa hiari, na kuwasikiliza hakuna kiingilio. Boti za mizigo zinazokwenda vijiji vya mwambao hubeba abiria, lakini anayeona imejaa kupita kiasi na hakuna maboya asubiri nyingine, hata kama inaondoka kesho kutwa. Ziwa hili likichafuka halichagui.

Upande mwingine, makazi ya Katumba na Mishamo, ni habari ya ukarimu wa kiwango ambacho hakuna kaya inayoweza kukibeba peke yake. Waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 walipewa ardhi hapa. Mishamo ilianzishwa mwaka 1978. Walilima, wakalisha soko la Mpanda, na mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo na yale ya Ulyankulu, Tabora, walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia. Mgeni asitamke neno mkimbizi kwa wepesi kwenye meza za huko. Kwa miaka mingi makazi hayo yaliingiwa kwa kibali, hivyo anayetaka kwenda aulize kwanza ofisi ya wilaya.

Mwanamke anayesafiri peke yake aongeze mambo mawili. Afikie kwenye nyumba yenye mama, na maelewano yawe na mama huyo, si na mume wala kaka. Na namba ya bodaboda mmoja aliyependekezwa na nyumba hiyo iwe kwenye simu kuanzia siku ya kwanza, kwa sababu Mpanda ya saa tatu usiku si Mpanda ya saa sita mchana.

Siku ya kuondoka, tiketi iwe imekatwa tangu jana yake. Mgeni anayeaga asubuhi na kurudi mchana akisema gari limejaa anamlazimu mama kupika tena sherehe ya kuagana. Akifika salama apige simu, wala asitume ujumbe tu, na picha alizopiga azisafishe studio na kuzituma kwa basi, zikiwa na jina la nyumba nyuma yake. Kisha ajiandae, kwa sababu hesabu haijafungwa. Vyuo vinapofunguliwa, mtoto wa ile nyumba ya Makanyagio atapata nafasi Dar es Salaam, na mama atapiga. Hataomba ada. Ataomba mtu wa kumpokea kijana stendi ya Magufuli, Mbezi, alfajiri, amwonyeshe daladala ya kupanda, na godoro la sebuleni kwa siku chache mpaka apate hosteli. Kijana atakuja na dumu la asali, na kama ni mtoto aliyelelewa vizuri, siku ya tatu ataamka mapema na kuuliza ufagio uko wapi.